Amina ya Mama Nakhungu

Kabla hajapiga chochote, mpiga piano hufuta vitufe vyote kwa kitambaa, kuanzia sauti nene hadi nyembamba, kwa sababu hewa ya ziwa huviacha na unyevu. Vidole vyake ni vifupi, kucha zimekatwa hadi nyama. Wiki nzima amekuwa akirekodi albamu ya muziki wa Ufaransa na Japani katika kanisa moja la Kisumu, na Lornah, fundi wa mitambo ya kurekodi, amechoka kusikia kutoka kwake neno lile lile: "Tunarudia." Bodaboda ikipita, tunarudia. Benchi likilia, tunarudia. Mdudu wa ziwani alipotua kwenye maikrofoni, kipande kizima cha Kifaransa kilianza upya, na mpiga piano hakupandisha sauti wala kukunja uso.

Leo ni siku ya mwisho. Kesho kanisa lina harusi. Kilikuwa kimebaki kipande cha Kijapani, kinachoishia kwenye kimya kirefu. Alikipiga bila kosa. Ndani ya kimya kile Mama Nakhungu, anayefagia kanisa, aliyekuwa amekaa nyuma na ufagio magotini, akasema kama anavyosema kila jambo likiisha humo ndani: "Amina." Lornah akafumba macho. Mguu wa mpiga piano haukutoka kwenye pedali inayoziachia nyuzi za piano zivume. Nyuzi zikaidaka ile sauti, zikaivumisha polepole mpaka ikapotea.

"Pole, Mwalimu," Lornah akamwambia mpiga piano. "Turudie?"

"Hapana. Hiyo iko sawa."

"Na ile amina niikate?"

"Ukiikata," akasema, akichukua kitambaa chake, "kipande kitakuwa hakijaisha."