Mpunga wa Bugarama na Chumba cha Matanga

Nilitoka mjini Kamembe kwenda bonde la Bugarama kwa sababu ya chumba kimoja. Amani, kijana anayeongoza filamu yetu fupi, alitaka mjane wa hadithi yake akae matangani, kisha mwishoni acheke kwa mara ya kwanza. Nyumba tuliyoazimwa ina mlango mmoja na haina umeme. Aliniambia waziwazi: "Maman Zuhura, ukirudi bila njia ya kuonyesha uso wake, hicho kipande ninakitoa."

Kipande hicho ndicho kilichonifanya nikubali kazi ya kushika kamera. Nilikuwa nimetoka eda mwezi uleule. Marehemu mume wangu alikuwa akipiga picha za harusi, mimi nikimshikia taa. Kamera ilibaki. Taa ziliungua zamani.

Asubuhi nilipanda basi. Mpaka Rwimbogo nilikuwa nimejifunika shali, baada ya hapo joto likanivua. Tulipofika bondeni, mashamba ya mpunga yalikuwa pande zote mbili za barabara.

Bugarama, kabla ya adhuhuri. Mwenye nyumba, Maman Furaha, alinipokea akiwa na reki mkononi, anageuza mpunga juu ya shitingi, turubai la kuanikia, uani.

"Ni wewe muntu wa sinema? Mbona uko peke yako? Sinema si iko na batu wengi?"

"Leo nimekuja kupanga tu, maman."

Nilimwomba akae mkekani, mahali pa mjane. Kwenye kamera mlango uling'aa na uso wake ukawa doa jeusi. Nilijaribu kumrudishia mwanga kwa kioo, kikamchoma macho. Nilijaribu shuka jeupe. Likaleta mwanga hafifu, wa kijivu. Sikuwa na jaribio jingine. Nilikaa ndani, nikiona kipande changu kinaondoka.

Alasiri jua lilihamia upande wa mlango. Maman Furaha akatoka kulifuata, akiburuta shitingi yake. Ilipofika mbele ya kizingiti, mpunga ukarudisha jua ndani na dari ikageuka rangi ya asali. Niliruka.

"Maman, usiisogeze! Iache hapo hapo!"

"Mpunga yangu inaota jua, haiigizi!"

"Leo inaigiza. Rudi ukae."

Alirudi akinung'unika. Niliweka kamera chini kabisa, pembeni mwa mlango, juu ya beseni lililopinduliwa, maana wafiwa hukaa chini na anayewatazama akisimama haoni kitu. Uso wake wote ulionekana, mpaka mikunjo ya macho. Mara kuku wakaingia kwenye mpunga.

"Angalia! Bale wasanii bako wamekuja kula!" akasema, akacheka mpaka akashika mbavu. Nilikuwa narekodi. Nami nilicheka, kwa sauti, ndani ya nyumba ya watu.

Nilikaa mpaka kivuli cha ukuta kikafunika shitingi, ili nijue mwanga unadumu kiasi gani. Unatosha.

Kamembe, siku iliyofuata. Amani alitazama picha, akazirudia.

"Taa umezitoa wapi?"

"Ni mpunga."

Alinisukumia ukurasa wa kile kipande pamoja na kalamu. "Andika mwenyewe kamera itakaa wapi. Hapo ndipo itakapokaa."

Nimesoma shule ya msingi tu, na mwandiko wangu ni mkubwa. Niliandika: *Chini, pembeni mwa mlango, jua la alasiri, mpunga uwe nje.* Safari hii ilinifundisha kwamba naweza kupanga picha bila mume wangu kunielekeza. Inauma kuliandika hilo, lakini ni kweli, na ninaliandika kwa furaha.