Mama Tumpe na Mtoto Aliyecheua

Nilikuwa mtoto wa kutumwa majani ya migomba, kwetu Kisondela, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikaanza kujaa sokoni Tukuyu, na hadi leo sijawasamehe watu wa kwetu walichomtendea Mama Tumpe.

Mdogo wangu Ambokile alikuwa anacheua. Akinyonya tu, maziwa yanarudi, analia huku anajikunja mgongo. Shangazi, dada yake baba, hakuhangaika kutafuta sababu. Mama Tumpe, jirani yetu muuza mitumba, alikuwa amemletea mtoto sweta, akamsifu unene. Basi, kwa Shangazi hilo lilikuwa jicho la husuda.

Dawa yake: mtoto akishiba alazwe chali juu ya jani la mgomba, asiinuliwe, eti ukimwinua jicho linapanda kifuani. Ujinga mtupu. Tumbo limejaa, mtoto kalazwa bapa, maziwa yaende wapi? Yalimtokea hata puani. Mama akataka kumnyanyua.

"Wifi, mwache hapo. Unataka kumzika?"

Siku moja Mama Tumpe alipita, akasikia kilio, akaingia bila hodi. Alimkuta mtoto anapaliwa. Akamnyakua kwenye jani, akamweka wima begani, akampigapiga mgongo polepole. Ambokile akabeua, akatulia.

"Akishanyonya mshike wima kwanza, mwenzangu," alimwambia mama. "Akitulia ndiyo umlaze. Wangu wote walikuwa hivihivi."

Ungedhani tulimshukuru. Shangazi alisimama mlangoni, akagonganisha viganja mara moja.

"Mmeona? Kamgusa, kanyamaza. Nani ajuaye kufungua ila aliyefunga?"

Sweta ilichomwa jioni ile. Watu wakaacha kununua kwake, wakaacha hata kuitikia salamu yake, mwisho akahamia Masukulu. Mama hakumtetea mbele ya wifi yake. Ila tangu siku ile alimshika mtoto wima kila alipomaliza kunyonya, na Ambokile alipoacha kucheua, Shangazi akajigamba: jicho limehama na mwenyewe.

Shule sikusoma sana. Nimejisomea mwenyewe na kulea wangu. Wachanga wengi hucheua, wakikua huacha. Hilo halina mchawi.

Juzi Ambokile kaleta mwanawe nyumbani. Mtoto aliponyonya, Shangazi, sasa bibi kizee, alimpokea, akamweka wima begani, akampigapiga mgongo polepole.

"Hilo ulifundishwa na nani, Shangazi?"

"Ndivyo tunavyolea sisi, tangu zamani."

Nikamtajia jina la Mama Tumpe. Mkono wake ulisimama kidogo mgongoni kwa mtoto, kisha ukaendelea.