Pikapu Iliyokunywa Ziwa

Hivi wewe umeshawahi kupanda gari mpya kabisa, nailoni bado iko kwenye viti, halafu ukasikia inalia uuuu kama fisi? Mimi nimepanda! Nilikuwa nakalia mikono, nasali.

Miaka ile ya ruksa, serikali imefungua milango, kila mtu biashara, mume wangu aliuza ng'ombe wa ukoo akanunua pikapu. Wa ukoo, sikia vizuri, siyo wake peke yake. Kaka yake mkubwa alikubali shingo upande: "Bati lako likisumbua, nalichukua nauza, narudisha ng'ombe zizini."

Mwezi wa pili tu, inalia. Tukitoka Igoma kwenda Kisesa kufuata nyanya, mlio unaanzia kule nyuma, chini. Mwendo ukiongezeka, na wenyewe unaongezeka.

"Unasikia?" namuuliza.

"Sisikii kitu."

Tukienda kidogo: "Na sasa je?"

"Mama watoto, wewe ni abiria au fundi?"

Lakini namwona anafungua dirisha, anafunga, anafungua tena. Nyumbani hakai, chai anakunywa amesimama. Na mimi nasonga ugali macho yako nje kwenye gari, utafikiri itatoroka.

Mwisho akasema tumeuziwa gari mbovu. Akaropoka mpaka kwa kaka yake! Shemeji akaja, akaizunguka, akaipiga teke tairi. "Ng'ombe wetu hawakuwa wanalia hivi. Jumamosi naichukua."

Weee! Kesho yake nikamkokota baba watoto mpaka kwa fundi pale Igoma. Fundi akalala chini, akafungua nati kwenye difu, lile dude la mviringo katikati ya magurudumu ya nyuma. Oili ikatoka nyeupe kama chai ya maziwa.

"Mzee, gari mnaoshea wapi?"

"Ziwani, kama watu wote."

Kweli, wote tulikuwa tunafanya hivyo. Ukitoka safari unaingiza gari ziwani mpaka maji yaguse tumbo, unasugua, watu wanakuona. Yetu ilikuwa mpya, basi kila jioni!

Fundi akacheka. "Difu limetoka safari linachemka, mnalitumbukiza kwenye maji ya baridi. Lina kitundu cha kupumulia hapa juu. Likipoa ghafla linavuta maji ndani, oili inaharibika, beringi zinasagika, ndiyo huo mlio. Gari ilikuwa nzima, mzee. Mmeinywesha ziwa wenyewe."

Mume wangu akakaa juu ya tairi bovu. "Usimwambie kaka."

"Utamwambia mwenyewe," nikasema.

Ikabadilishwa beringi, ikatiwa oili mpya. Jumamosi shemeji akaja na kofia yake, tukampakia, Kisesa na kurudi. Kimya! Mimi nimetega masikio mpaka shingo inauma.

"Ilikuwa na nini?"

Mume wangu akaniangalia. Mimi nikaangalia barabara. "Tuliinywesha maji, kaka. Ziwani."

Shemeji alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Hata ng'ombe anajua amekunywa ya kutosha!" Akatuachia. Ila akasema akisikia imekanyaga ziwa tena, anakuja na dereva wake kuichukua.

Sasa juzi mjukuu wangu kanunua ya kwake. Shikamoo bibi, marahaba, neno la pili eti anaipeleka ziwani kuosha! Nikashika mlango.

"Bibi, gari za siku hizi ni za kisasa."

"Na ziwa nalo ni la kisasa?"

Akacheka, akaweka mkono kifuani, akaniahidi: ataiosha kwa ndoo, hapa hapa uani, na maji atachota mwenyewe.