Mulango ya Boga

Si nyoka. Nakuambia tena: kamata desen, hii karatasi ya kuchorwa, weka kidole hapa chini, panda na chuma hii moja. Inapita juu ya ile ya kwanza, inaingia chini ya ile ya pili, inajikunja, inakuwa nyembamba kama mukia ya panya, inaishia. Umeona kichwa? Umeona macho? Sasa nyoka iko wapi?

Ni kamba ya boga. Boga ya mama, yenye ilipanda ukuta ya jikoni kwetu hapa Kasongo. Mukubwa yangu, tumbo moja, ni sudere, anaunga vyuma. Alikaa mbele ya ile ukuta na kalamu ya biki, akachora mulango ya chuma ku karatasi ya mufuko ya simenti. Mpaka fasi nyundo itapiga chuma ipate kuwa jani, alionyesha na mistari midogo midogo. Ukianza kuangalia, macho haitaki kutoka.

Yeye kila siku ni antivole za madirisha tu, za kuzuia wezi, vyuma vya kunyooka, kimoja kando ya kingine, sawa gereza. Hii mulango alitaka isimame ku barabara, watu waione. Alingojea mutu moja tu wa kusema ndiyo.

Akaja papa moja wa Salamabila, muuzaji wa dahabu, anajenga hapa. Alishuka ku pikipiki, vumbi mpaka mu nyushi, akakamata desen.

"Hizi manyoka ni za nini?"

"Papa, ni boga," nikasema.

"Mie nauzisha dahabu. Nikiweka hii kwangu, kesho watasema niko na nyoka mu chumba, inanitapikia pesa."

Mukubwa yangu alikamata biki, akaongeza boga moja nene katikati.

Papa akacheka. "Sasa wataniita Papa Boga. Toa hizi zote, mutoto. Uniwekee vyuma vya kunyooka."

Nilifungua kinywa. Mukubwa yangu akanikanyaga muguu. "Ndiyo, papa," akasema. "Vya kunyooka."

Yule alipoondoka nikamurukia: juu ya nini umekubali?

"Wewe utakula desen?"

Nikaibandika mwenyewe ku ukuta ya atelye, mule anaungia vyuma. Sasa kila mutu akiingia anasimama, anasifu, "iko muzuri, kweli iko muzuri," halafu anaagiza gereza yake. Hiyo sifa imenichokesha kuliko matusi. Wewe pia usinisifie kitu. Sema tu: ku nyumba yako utaiweka, ao hapana?