Rubani wa Manlift

Nilikuwa mtu mzima, nimeshavuka mipaka kadhaa na kufukuzwa kazi kwa lugha tofauti tofauti, nilipogundua kwamba ile katuni niliyoipenda kuliko zote sikuwahi kuiangalia. Nilikuwa nimesimuliwa tu.

Ni katuni ya Kijapani ya zamani, ya maroboti makubwa kama maghorofa yanayopigana angani. Shujaa wake ni kijana wa umri wa kidato cha pili ambaye vita vinamkuta nyumbani. Katika kukimbia anajikuta ndani ya roboti, na kuanzia siku hiyo yeye ndiye rubani. Nilikutana naye Kitale, kwenye kibanda cha video nyuma ya soko la mitumba, saa ambazo mama aliamini niko darasani. Pale kibandani hakuna aliyesumbuka kusoma maandishi ya chini ya picha. Tulikuwa na DJ, jamaa mwenye sauti ya kukwaruza, aliyerekodi maneno yake juu ya yale ya Wajapani na kutueleza kwa Kiswahili kilichokuwa kikitokea, au alichodhani kinatokea, au ambacho yeye mwenyewe angependa kitokee. Wahusika wakiketi kula au kubishana, DJ alikohoa akasema, "Hapa wanapiga domo tu, wacha niwarushe," na picha ikaruka mpaka maroboti yakashikana tena.

Kwa DJ, rubani alikuwa kijana wa Busia aliyefukuzwa na mjomba wake. Hakufundishwa na mtu. Aliingia, akashika usukani, roboti likamtii, kwa sababu kipaji kilikuwa kwenye damu. Nikaitazama mikono yangu. Haikuwa imewahi kufanya lolote la maana, nami nikalichukulia hilo kuwa dalili kwamba mashine yangu haijapatikana bado. Niliacha shule mwaka huo huo, nikaanza kuitafuta.

Niliitafuta kwenye mashine ya kusaga unga hapo Kitale, kwenye matanuri ya matofali, kwenye meza ya kutengeneza simu Kampala, kwenye jiko la hoteli moja Juba. Kila mahali niliuliza maswali hadi watu wakachoka, nikaelewa kazi inavyokwenda, kisha nikaondoka kabla sijaanza kuifanya vizuri. Nilijiita mtu wa kutafuta maarifa. Dada yangu aliniita kwa jina lingine.

Ndivyo nilivyofika Doha, kuosha vioo vya majengo ya watu wengine. Kampuni yetu ina kambi Industrial Area, na basi lake hutukusanya asubuhi kabla jua halijaanza kutoa hasira. Mimi nilikuwa kundi la ndoo na kamba. Lakini kampuni ilikuwa na mashine moja ambayo sote tunaiita manlift: gari fupi lenye magurudumu manne na mkono mrefu wa chuma unaojikunja na kujikunjua, na mwisho wa mkono huo kuna kikapu cha kusimama mtu. Unasimama kikapuni, unakanyaga pedali, unasukuma kijiti, na unapaa. Siku ya kwanza kuiona ikijikunjua mbele ya jengo, nikiwa chini na ndoo yangu, nilihisi shingo ikinisisimka. Nilijua nimefika.

Aliyeiendesha alikuwa Mnepali, mtu mzima mkimya, na alikuwa anakaribia kurudi kwao moja kwa moja. Fomeni wetu, Mhindi wa Kerala, alihitaji mtu wa kushika nafasi yake. Walikuwepo watu wa kundi la ndoo waliokaa miaka mingi kuliko mimi, lakini fomeni alikuwa ameniona kila mapumziko nimechuchumaa kando ya ile mashine nikiuliza mafuta yanapita wapi. Akapeleka jina langu kwa mudir, yaani bosi wa kampuni, na kumwambia ananijua. Kilichobaki ni mtihani katika uwanja mmoja wa mafunzo. Nikifaulu, mashine ni yangu. Nikifeli, fomeni ataonekana mtu asiyejua kuchagua watu, nami nitarudi kwenye ndoo, safari hii bila ndoto yoyote ya kunifariji. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kutaka kitu ambacho ningeweza kukikosa.

Nikaanza kujiandaa. Kampuni ilinipa kitabu cha maelekezo ya mashine. Nikakiweka chini ya mto, nikatafuta katuni.

Kwenye kitanda cha chini ya changu alilala Mganda, mlinzi wa nyumba za kupangisha huko Al Wukair, mtu wa kanisa na wa kunyoosha sare kwa pasi hata siku za mapumziko. Kumbe naye alilelewa na rubani yule yule, huko Masaka, ila kwa sauti ya mtafsiri wao wa Kiganda. Katika toleo lake hapakuwa na Busia. Roboti lilikuwa mali ya ukoo, na wajomba walikuwa wakiligombania. Tulibishana juu ya hilo Ijumaa nzima, nguo zikikauka kwenye kamba juu ya vichwa vyetu, kisha tukakubaliana kuiangalia upya kwenye simu yangu ili ukweli ujulikane.

Ukweli haukujulikana, kwa sababu simu nilishika mimi. Kila watu wa katuni walipoketi kuongea, kidole changu kilikwenda chenyewe kikaisogeza picha mbele. Mganda alilalamika. Nilimweleza kwamba hapo wanapiga domo tu. Akauliza nimejuaje. Nikamwambia nimeiangalia hii kitu tangu utotoni.

Asubuhi ya mtihani nilivaa kofia ngumu na ule mkanda wa usalama unaozunguka mapaja na mabega. Mtahini alikuwa Mmisri mnene mwenye miwani ya jua. Fomeni alisimama kivulini na mikono nyuma. Mtahini akasema, kwa Kiingereza chepesi, nianze ninapoanzia siku zote. Nikatembea moja kwa moja hadi kikapuni, nikapanda, nikafunga kageti kadogo, nikapanua miguu. Nakumbuka nilinyamaza kidogo ili tukio lipate uzito wake. Kisha nikasema kwa sauti ya chini maneno ambayo DJ wetu aliyasema kila roboti lilipowasha macho, nikasukuma kijiti.

Mashine haikutikisika.

Nikasukuma tena. Nikavuta. Nikakanyaga pedali kama mtu anayeua mende. Nikabonyeza honi, ambayo ilifanya kazi vizuri sana. Jasho lilinishuka ndani ya kofia, na bado nilikuwa na uhakika kwamba sekunde yoyote damu ingeamka na mikono ingejua la kufanya. Mtahini aliniacha hapo muda ambao naamini ulikuwa mrefu kuliko ulivyohitajika. Mwishowe akasogea, akanyoosha kidole kwenye kitufe chekundu cha dharura chini kabisa, karibu na magurudumu. Kilikuwa kimebonyezwa. Mtu aliyeizunguka mashine kabla ya kupanda, kama inavyotakiwa, angekiona na kukifungua. Kisha akanyoosha kidole kwangu. Kamba ya mkanda wangu ilikuwa inaning'inia nyuma kama mkia. Nilikuwa nimeuvaa mkanda, lakini sikuwa nimeufunga kwenye kikapu.

Aliandika kitu, akamwambia fomeni kwamba leo mashine ilikuwa salama, maana haikuwa na uwezo wa kwenda popote.

Ndani ya basi, tulipoliona geti la kambi, fomeni akaniita habibi. Wanaomjua wanajua kwamba akifika kwenye habibi, mambo ni mabaya.

"Habibi, nilimwambia mudir nakujua," alisema. "Mtihani mwingine ni kabla Mnepali hajaondoka. Mpaka siku hiyo utakuwa kivuli chake. Ukifeli tena, usije kunieleza, nenda tu ukachukue ndoo."

Mganda alinisikiliza hadi mwisho, akipiga pasi kola ya shati.

"Kwa hivyo ulipanda bila kuizunguka."

"Nilisahau."

"Hukusahau, ssebo. Uliruka. Vile unarukisha ile katuni." Akageuza shati. "Lete simu. Leo nashika mimi."

"Afande, hii ni mambo ya mashine, si ya katuni."

"Lete simu, Mkenya."

Tukaanza mwanzo. Alikalia simu kama anavyokalia geti la Al Wukair, hapiti mtu. Na hapo ndipo nilipomwona kijana wangu kwa mara ya kwanza. Ile siku anaingia ndani ya roboti, ile siku ya kipaji na damu, ana kitabu cha maelekezo mapajani. Anakifungua huku mabomu yanaanguka. Anapekua kurasa, anatafuta kitufe, anakosea, anapekua tena. Nilimwomba Mganda arudishe nyuma. Kitabu bado kilikuwepo.

Na yale mazungumzo niliyokuwa nikiyarusha ndiyo yaliyokuwa hadithi. Kijana analalamika kuhusu chakula. Anagoma kutoka kitandani. Anakikimbia chombo chao cha angani akidhani hawawezi bila yeye, kisha anagundua kwamba wanaweza. Mafundi wanamfokea kwa jinsi anavyoirudisha mashine, naye taratibu anaanza kukaa nao wakati wanaikarabati, anashika taa, anauliza. Mapigano yenyewe ni mafupi. Anakua kati ya pigano moja na jingine, kule ambako DJ alikuwa akikohoa.

Mganda naye alikuwa na msiba wake. Tulipokwenda mbali kwenye hadithi akaisimamisha picha.

"Kwa hivyo hakuna wajomba?"

Nilimwambia hawakuwahi kuwepo. Alikuwa amemuunga mkono yule mkubwa wao tangu yuko mdogo.

Nikawa kivuli cha Mnepali. Ningependa kusema kwamba nilibadilika, lakini siku za mwanzo nilichoka kabisa. Kila asubuhi aliizunguka mashine kwa upande ule ule, akigusa kila gurudumu, akiinama kuangalia kama mafuta yamevuja chini, akijaribu kitufe chekundu, kisha kijiti cha kuushusha mkono iwapo injini itazima mtu akiwa juu. Kisha alivuta kamba ya mkanda wake mara mbili, hata baada ya kuusikia ukifunga. Jana alikuwa amefanya hivyo, na mashine ilikuwa ile ile. Nilimuuliza kwa nini anarudia. Akafikiri, akasema jana haikuwa leo, akaendelea.

Wiki hiyo hiyo jamaa mmoja wa kambi ya jirani akaniambia kuna shamba la ngamia nje ya mji wanatafuta mtu. Sijawahi kufanya kazi na ngamia. Sijui wanalalaje, wanafunguliwa saa ngapi, kwa nini wanatema mate. Miguu ikaanza kuniwasha. Nilimweleza Mganda, nikijieleza kwa ufasaha mkubwa, kwamba mtu mwenye akili ya udadisi hafai kufungwa kwenye mashine moja. Alianzisha sehemu ya katuni ambapo kijana anafunga mkoba wake ili atoroke, akaniachia simu, akaenda kuoga. Hiyo ilikuwa dharau ya kiwango cha juu. Asubuhi yake nilikuwa nimesimama kando ya mashine kabla ya Mnepali, nikiangalia chini kama mafuta yamevuja, nikimlaani Mganda.

Mtihani wa pili sina mengi ya kusimulia, nadhani ndiyo maana nilifaulu. Niliizunguka. Niligusa magurudumu, nikafungua kitufe chekundu, nikajaribu kijiti cha kushushia. Nilipanda, nikafunga kamba, nikaivuta mara mbili. Sikusema neno lolote kwa mashine. Iliponiinua juu ya uwanja na upepo wa moto ukanigonga usoni, niligundua kwamba naogopa urefu, jambo ambalo lingenifaa kulijua mapema. Nilisukuma kijiti kama mtu anayemgusa nyoka kuona kama amekufa. Nilipotua, mtahini aliniambia niko polepole sana, nikadhani nimefeli. Akatia sahihi. Fomeni alitazama pembeni, akaniambia niache kusimama pale kama sanamu, kesho kuna kazi.

Kazi ilikuwa kubadilisha taa kwenye dari la ukumbi wa harusi. Fomeni alikuja mwenyewe kuniangalia. Niliizunguka mashine yote huku watu wa kupanga viti wakisubiri niwapishe. Nikafunga mkanda, nikavuta kamba, nikapaa, polepole, mbele ya macho yao, hadi taa iliyoungua ikawa usawa wa uso wangu. Nikanyoosha mkono mfukoni. Kisha kwenye kikapu. Kisha nikatazama chini. Taa mpya ilikuwa juu ya kiti, karibu na fomeni, ndani ya boksi lake.

"Shuka," alisema. Hakuniita habibi. "Kisha uzunguke tena kabla ya kupanda."

Nikashuka, nikazunguka.