Bariere Nyekundu Kwenye Ubao Wangu

Nilipokuwa mwalimu wa katekesi nilianza kubuni michezo ya ubao, kwa ajili ya watoto waliosinzia darasani. Wa kwanza ulikuwa safari ya wana wa Israeli jangwani. Bwana alinijalia mingine mingi, na hata sasa uzeeni sijaacha kuchora.

Mchezo wa karibuni niliwatengenezea watoto waliokimbia vita kutoka Kpandroma. Walinisimulia njia yao, nami nikaichora kama walivyoipita: vilima, mto, soko, mpaka Bunia, mtaani kwetu Saio. Kila palipo na bariere, kizuizi cha askari barabarani, nilitia rangi nyekundu. Sikuona ubaya.

Aliyeuona ni askari, kwenye bariere, nikirudi kutoka kambi ya wakimbizi. Alifungua gunia langu, akautoa ubao.

"Muzee, hii ramani unapelekea nani?"

"Hapana ramani, shefu. Ni muchezo ya watoto."

"Muchezo iko na bariere zetu zote? Weye ni mupelelezi!"

Siku hizo watu walichukuliwa kwa jambo dogo kuliko hilo, na wengine hawakurudi. Nilianza Baba Yetu moyoni, ikanipotea katikati, mimi niliyeifundisha maisha yangu yote.

Mkubwa wao, aliyekalia jerikani, akasema, "Kama ni muchezo, tucheze. Kama unadanganya, tutaona."

Tukatumia vifuniko vya soda kama kete. Nilipoirusha dadu, ikaangukia vumbini.

"Muzee anaogopa kushindwa!" wakacheka.

Kifuniko cha yule mkubwa kilifika Saio, changu hakijatoka Kpandroma.

"Nimeshinda!"

Hapo hofu ilinibana zaidi. Watoto wale walikuwa wamewaacha babu zao njiani, kwa hiyo nilipouchora mchezo niliweka sheria moja. Kuificha kungekuwa uongo.

"Bado, shefu. Mwenye kufika wa kwanza anarudi kumuchukua wa mwisho. Wanaingia pamoja."

Kicheko kilikatika.

"Nani ameweka hiyo sheria?"

"Ni miye."

Alinikazia macho.

"Nirudi mpaka Kpandroma kukuchukua weye? Muzee, hiyo sheria iko muzito!"

Akakirudisha kifuniko, na kwenye kila alama nyekundu akajiuliza kwa ukali, kama wanavyodai kitambulisho kwa wapita njia, "Karte yako iko wapi?" Wenzake walicheka hadi kushika mbavu.

Aliniruhusu kwenda, ubao akabaki nao. Nilitembea bila kugeuka, nikingoja risasi mgongoni. Nilichosikia ni dadu ikirushwa tena.

Karibu na nyumbani ndipo nilipokumbuka maneno ya sala yaliyonitoka. Niliyasema nikiwa nimesimama barabarani, nikishukuru.