Nilivyomuua Koko Feza kwa Kalamu

Kabla ya yote mnisamehe kwa mwandiko. Nilisoma mpaka darasa la saba tu, naandika polepole kama mtu anayepalilia maharage machanga, na herufi zangu nyingine zinalala upande na nyingine zinapanda juu ya mstari, basi mkikuta neno limekosewa lirekebisheni wenyewe kichwani muendelee, kwa sababu mimi nikisimama kulifuta nitapoteza ujasiri, na habari hii inataka ujasiri (hata leo nikikutana na watu wa Juru sokoni natazama miguu yangu). Aibu yenyewe naitaja mara moja ili tumalizane nayo: nilimuua bibi aliye hai, mwenye nguvu zake, kwa kalamu ya bluu, na watu wakaja kumlilia wakiwa na kuni vichwani, na mimi muuaji nilikuwa mmoja wao, nami nilibeba kuni.

Ilikuwa hivi. Kule Kashojwa, jirani na Juru kwetu katika kambi ya Nakivale, kulikuwa na chumba cha mabati ambamo watoto walisoma vitabu, na aliyekitunza ni Mwalimu Esperansi, Mkongomani kama sisi, mwanamke mrefu asiyependa kurudia neno. Siku moja alitangaza kwamba ofisi moja ya Mbarara inayochapisha vitabu vya watoto inataka hadithi kutoka kwetu kambini, za Kiswahili, na itakayochaguliwa itachorwa picha na kuwa kitabu. Sharti lilikuwa moja, usomee watoto kwanza uone wanaipokeaje. Mimi ambaye nikiitwa kanisani kusoma mstari mmoja natokwa na jasho mpaka kwenye magoti, sijui nini kilinisukuma, nilichukua karatasi nikarudi Juru nikikimbia nusu ya njia.

Hadithi nilikuwa nayo tangu zamani. Ni ya koko (ndivyo sisi tunavyomwita bibi) aliyekimbia vita na mbegu za maharage zilizofungwa kwenye pindo la kitenge, njaa ikaja akakataa kuzipika, akasema hizi ni za kupanda, mwishowe akalala na mbegu mkononi asiamke, na mjukuu wake akazipanda. Mwenye hadithi kwa kweli ni koko yangu mimi, mama wa baba, aliyetufia njiani tulipokuwa tunakuja. Lakini nilikuwa na miaka mitano, sura yake siikumbuki, na kila nilipojaribu kumwandika alitoka kama nguo iliyoanikwa, haina mtu ndani. Basi nikafanya jambo dogo sana, mnaweza hata kuliita uvivu. Nikamwazima jirani. Niliandika kwamba anaitwa Koko Feza, ana pengo la meno mawili mbele, anafunga kitambaa cha kijani na anafukuza mbuzi wa watu kwa kandambili. Mara moja hadithi ikapata pumzi. Wiki mbili nikamaliza kurasa nne, na nilifurahi hivi kwamba sikufikiri kitu kingine, wala sikufikiri kwamba Koko Feza wa kweli alikaa nyumba sita kutoka kwetu, na kwamba Alhamisi ile alipelekwa Mbarara na mwanawe akatibiwe jicho.

Jumamosi asubuhi nikawasomea watoto kanisani. Walikuwa kama thelathini. Mtu mwenye akili angeanza kwa kuwaambia, sikilizeni, hii ni hadithi, nimeitunga. Mimi niliogopa macho yao, nikaanza mstari wa kwanza nikiwa nimeficha uso kwenye karatasi, na sikuinua kichwa mpaka mstari wa mwisho. Nilipokiinua, walikuwa wanalia. Neema, binti wa miaka saba, alilia bila sauti, machozi yakimwingia mdomoni. Jamani, nisiwafiche, moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilijisemea, inafanya kazi! Nikatoka kwa mlango wa nyuma bila hata kuwaaga nikashika njia ya Kashojwa kumwambia Mwalimu, na watoto nao wakatoka kwa mlango wa mbele kwenda kuwaambia wazazi wao.

Mwalimu alisoma kurasa zangu akiwa amesimama. Alipofika mwisho alivua lineti zake za macho akazifuta, akasema tutarudi pamoja Juru awaulize watoto mwenyewe. Njiani tukakutana na wanawake, mmoja, wawili, halafu kundi, wamebeba kuni na ndoo za maji. Mwalimu akauliza kuna nini.

"Haujasikia?" akajibu mmoja wao. "Koko Feza ametuacha. Alifia kule Mbarara."

Naapa sikuunganisha kitu. Nilifikiria zile kandambili zake, na jinsi alivyoniita "bubu wangu" kwa sababu sisemi, nikaanza kulia barabarani. Kwetu ukisikia kilio huulizi maswali. Ukiuliza nani kakwambia, umemwona nani, ni kama unataka uonyeshwe maiti, ni tabia mbaya sana. Unabeba kuni, unakwenda. Mwalimu akaokota zake, mimi nikaokota mzigo mkubwa kuliko uwezo wangu, na tukaingia Juru kwa huzuni.

Pale nyumbani kwa Koko Feza turubai lilikuwa limeshafungwa. Masufuria mawili ya maharage yalikuwa motoni, unga umeletwa, kwaya inafanya mazoezi kando ya jiko, na wanaume wamekaa kimya kwenye mabenchi ya kanisa. Walijaribu kumpigia simu mwanawe lakini ilikuwa imezimwa, na kila mtu alisema, maskini, atawasha simu vipi na msiba kama huu. Nililia vizuri. Mama mmoja alinishika mgongo akasema, lia mwanangu, alikupenda. Halafu Pasta akasimama, akasema marehemu ametuachia mfano, kwamba hata pumzi ya mwisho alishika mbegu mkononi, hakuzila, alisema hizi ni za kupanda.

Machozi yangu yalisimama palepale yalipokuwa.

Nilimtafuta Neema kwa macho. Alikuwa amekaa mbele kabisa, kati ya wakubwa, kama shahidi. Nikatambaa mpaka kwake nikamnong'oneza, Neema, nani amesema Koko amekufa?

"Si ni wewe ulitusomea?" akasema, na hakunong'ona.

Hapo ndipo ningesimama. Najua. Neno moja tu lingetosha, lakini nilipofungua mdomo kwaya ikaanza kuimba, walipomaliza Pasta akaomba, alipomaliza akaja mzee wa kanisa kueleza habari za kuchimba kaburi, na kila dakika aibu ilizidi kunenepa, mpaka nikaona afadhali niondoke Nakivale nikaishi Mbarara milele. Nilimvuta Mwalimu kitenge. Akaniambia nyamaza, watu wanaomba. (Mwalimu naye alishashtuka aliposikia zile mbegu, aliniambia baadaye, lakini hakuamini.)

Kama saa kumi bodaboda ikaingia. Nyuma ya dereva alikaa mwanawe, na katikati yao Koko Feza mwenyewe, bandeji nyeupe kwenye jicho moja, kitambaa cha kijani, mkate wa mjini kifuani.

Watoto ndio waliomwona kwanza. Wale wale thelathini waliolia asubuhi kwa utaratibu wakapiga ukelele mmoja, wakatawanyika kwenye mahindi kama kuku waliorushiwa jiwe, na Neema alipatikana jioni kwenye shamba la tatu. Kwaya ilikatika katikati ya neno. Lakini Koko hakuona hayo kwa jicho moja, aliona turubai kwake, moto, watu, na kabla hata hajauliza akadondosha mkate akaanza kulia, mikono kichwani, kwa sababu ana mume mzee aliyemwacha kitandani na wajukuu watano, na kilio kiko mlangoni mwake.

"Ni nani?" alilia, akitaka aonyeshwe maiti ilipolazwa. "Munionyeshe fasi eko. Ni muzee wangu?"

Mumewe, aliyekuwa amekaa chini ya turubai kama mgane halali, alimtazama tu mdomo wazi. Mwishowe Pasta akakohoa.

"Mama, ni wewe."

"Ni mimi nini?"

"Ni wewe ulikufa."

Koko akajitazama mikono.

"Nilikufa saa ngapi? Asubuhi nilikunywa chai na mandazi mbili."

Sijui miguu ilitoka wapi. Nilijikuta nimesimama katikati ya watu wote, mimi bubu, nikasema ni mimi, ni hadithi, niliandika ni hadithi, na nikashindwa kuendelea. Pasta akaniambia leta hiyo karatasi uisome. Nikaisoma. Kurasa zote nne, mbele ya mwenye jina lake aliyekaa kwenye benchi la msiba wake akitafuna mkate. Nilifikiri watanipiga. Lakini nilipofika kwenye mbegu nikasikia wakubwa wanavuta kamasi.

Aliyesimama kwa hasira ni Papa Neema, baba wa yule binti. Alisema vitu ambavyo mpaka leo sijavipuuza. "Batoto baliona mingi mu njia," alisema. "Kitabu ibapatie kicheko. Maiti banajua tayari." Watu wengi wakaitikia, na mimi pia niliitikia moyoni, nikataka kuichana.

Mwalimu Esperansi akamjibu akiwa amekaa. "Papa Neema, si kitabu ndiyo kililiza batoto. Balikuwa na kilio yabo ndani tangu zamani, hawakupata fasi ya kuiweka."

Wakabishana. Wengine walisema mtoto ni mtoto, wengine walisema mtoto aliyezika hawezi kudanganywa, na mama mmoja akauliza kwa nini basi mbuzi wa kwenye vitabu hawafi kamwe, hapa kwetu wanakufa kila wiki. Koko Feza ndiye aliyewanyamazisha. Alinigeukia kwa lile jicho lake moja, akauliza kama niliota tu habari ya bibi huyo au yupo. Nikasema yupo, ni koko yangu, alikufa njiani, tukamfunika na tukaendelea kutembea siku ile ile. Akauliza nani alimkalia kilio. Nikasema hakuna.

"Jina lake?"

"Nabintu," nikasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitaja mbele ya watu.

"Bon, basi," akasema Koko Feza. "Maharage imeisha iva. Unga haitarudi mu mufuko. Tumukalie Nabintu."

Basi wakakaa. Mtu akataja na wake, mwingine na wake, majina yalikuja mengi, Papa Neema akataja mtoto ambaye Neema hakujua kwamba alikuwa dada yake. Tulikula, tuliimba, na jioni Koko aliwafukuza wote kwa kandambili akisema marehemu anataka kulala.

Mnadhani imeisha? Bado Mbarara. Mwezi uliofuata Mwalimu alinipeleka mpaka Kamukuzi, mtaa wa Mbarara, kwenye ile ofisi ya vitabu, yenye viti vya kuzunguka (nilizunguka mara moja, kwa bahati mbaya, nikaangusha kikombe). Mama wa ofisi, Mnyankole, mwenyeji wa huko, mwenye uso mwema, alikuwa na kurasa zangu mezani na mstari mwekundu chini ya mwisho.

"Hadithi iko mzuri sana," akasema. "Lakini huyu mzee hapana kufa. Andika asubuhi ameamka, amekula, mambo kwisha."

Kitabu changu kilikuwa pale pale, nikisema ndiyo nimekipata. Mwalimu alinitazama akakataa kunisaidia. Na sijui ni kile kikombe kilichovunjika kilichonimalizia aibu yote niliyokuwa nayo, lakini nikasema, nikimwita mama kwa lugha yake, "Nyabo, kwetu aliamka. Watoto walikimbia ndani ya mahindi. Alipokufa walilia tu, alipoamka ndipo walipoogopa."

Akaniuliza nasema nini, nikamweleza yote kama ninavyowaeleza ninyi. Alicheka mpaka akaweka kichwa mezani. Halafu akachezea kalamu nyekundu.

"Mimi jaja yangu, mama ya mama, alikufa mimi niko shule ya bweni," akasema. "Walisema amesafiri. Mimi naweka biskuti kwa sanduku, kila muhula, ya kumpa akirudi. Miaka mbili."

Akafuta ule mstari mwekundu kwa kuukwangua na wembe, polepole, asitoboe karatasi. Akasema, acha afe, lakini jina libadilishe.

Kitabu kipo, kina kurasa kumi na mbili, bibi wa kwenye picha amevaa viatu kama mwalimu, na anaitwa Nabintu. Nilikipeleka kwanza kwa Koko Feza. Nikamsomea mpaka mwisho. Akakigeuza, akakitikisa kama anayetafuta kitu kilichodondoka, akauliza yeye yuko wapi, kwamba alikaliwa kilio na Juru nzima na sasa kwenye kitabu hayumo, nani amempa Nabintu pengo lake. Hakusema nami siku tatu.

Kwa hiyo nimeapa, sitaandika tena mtu anayekula kwa mdomo wake kabla ya kumwomba ruhusa, na nikisoma mbele ya watoto neno la kwanza litakuwa kwamba nimetunga. Lakini kuhusu lile neno la Papa Neema, kwamba kitabu kiwape watoto kicheko, sina kiapo. Siku nyingine namwona akimsomea binti yake kitabu kile mlangoni, na akifika ukurasa wa mwisho anaruka, naye Neema anamrudisha. Ninyi mnaosoma, mna watoto, au mlikuwa watoto, mngeruka au msingeruka? Niandikieni, hata mistari miwili, hata kwa mwandiko mbaya kuliko wangu, mpeni mtu yeyote anayekuja Juru aulize bubu wa Koko Feza. Nitajibu wote, ila mnivumilie, naandika polepole.